Pembe Iliyotoa Jasho

Mwaka jana nilikwenda Bukoba kumsalimia daktari mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu mume wangu. Baada ya chai akaniambia ana kitu cha kunionyesha. Alinipeleka kwenye chumba kidogo ambacho madirisha yake yote yalikuwa wazi, na humo, kwenye rafu za waya, alikuwa amepanga vitu vya mezani vya zamani: vidau vya wino, visahani vya kalamu, vijisanduku vya stempu, visu vya kufungulia barua. Vingine vilikuwa vyeusi na vizito, vingine vyekundu kama damu iliyoganda, na vingine vilikuwa na rangi ya pembe za ndovu, pamoja na vimistari vyembamba kama vile vinavyoonekana kwenye jino la tembo lililokatwa.

Alisema ni plastiki za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa kabla bibi zetu hawajaolewa, na kwamba siku hizi wapo watu duniani wanaozitafuta kuliko wanavyotafuta dhahabu. Zimebaki chache kwa sababu nyingi zimeoza au zimeungua.

"Hizi nyeupe nimezitenganisha," alisema. "Zikikaa pamoja zinaambukizana. Moja ikianza kuumwa, zote zinafuata." Akachukua kisahani kimoja, akakisugua kwa kidole gumba, akanisogezea puani. "Hebu nusa."

Sikuwa na haja ya kusogezewa. Harufu ile nilikuwa nimeshaipata tangu mlangoni. Niliomba radhi, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje, kichwa nimekiinamisha. Daktari alidhani presha imepanda, akaniletea maji. Sikumweleza, na watoto wangu pia sijawahi kuwaeleza. Lakini nimeona niwaambie ninyi wa rika langu, mnaojua nyumba zetu zilivyokuwa na jinsi mtoto wa zamani alivyofundishwa kunyamaza.

Tulikaa Ndama, huko Karagwe, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa kwa mabati. Nyumba za mabati hazikuwa nyingi upande wetu. Aliijenga Babu, mzazi wa baba yangu, ambaye zamani za Waingereza alikuwa karani na mkalimani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Siku Bwana Shauri alipoondoka kurudi kwao, alimwachia Babu vitu vya mezani kwake: kisahani kirefu cha kalamu, vidau viwili vya wino vyenye vifuniko, kijisanduku cha stempu, kikaushio cha wino chenye umbo la nusu mwezi, na kisu cha kufungulia barua. Vyote vilikuwa na rangi moja, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Nyumbani tuliviita kwa neno moja tu, pembe.

Ile pembe ndiyo iliyokuwa heshima yetu. Ilikaa sebuleni, juu ya meza ya mbao nzito, kwenye kitambaa alichokifuma Mama. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Watu waliokuja kutuuliza hali walikaa mahali ambapo wangeweza kuiona, na mtu akitoka kwetu alisema, "Nimetoka kwenye nyumba ya pembe." Bibi alikuwa na hadithi ya yule tembo. Alisema aliuawa upande wa Mto Kagera, kwamba alikuwa mzee kiasi kwamba meno yake yalikuwa yakiburuza chini, na kwamba Bwana Shauri mwenyewe aliagiza jino moja lichongwe kwa ajili ya karani wake mwaminifu. Bibi aliisimulia hadithi hiyo akiwa ameketi wima kwenye mkeka wake, miguu imenyooshwa, na kila alipofika mahali tembo anapoanguka alipiga ardhi kwa kiganja. Nilikuwa nasikia mtikisiko mpaka kwenye mapaja yangu.

Baba naye alikuwa karani, katika mahakama ndogo ya huko kwetu. Alasiri, akirudi, alivua koti, akanawa mikono, akakaa mbele ya ile pembe kuwaandikia majirani barua. Aliyekuja mara nyingi zaidi alikuwa Mama Daforoza, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Rwanda zamani na ambaye alilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Alikuwa na dada yake mbali, na hakujua kuandika. Baba aliandika polepole, mwandiko wa kulalia upande mmoja, kisha akamsomea barua kwa sauti kana kwamba anasoma hukumu. Mama Daforoza alilia mahali palepale kila mara, hata kama barua ilikuwa ya kuuliza habari za mbuzi.

Babu alifariki nikiwa mdogo sana. Ninachokikumbuka ni kimoja tu: katika ugonjwa wake wa mwisho walikuwa wakimchua kifua kwa dawa yenye kafuri, na chumba chote kilinukia ukali ule unaopanda mpaka kwenye macho. Kwa hiyo, nilipokuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, na ile pembe ikaanza kutoa harufu ya kafuri, mimi sikushangaa. Nilijua tu kwamba Babu amerudi.

Ilianza kiangazi, wakati kahawa imeanikwa uani na uwanja mzima unanukia utamu uliochacha. Asubuhi moja nikifagia sebuleni niliona kisahani cha kalamu kimelowa. Matone madogo, mazito, yalikuwa yamejipanga pembezoni kama jasho juu ya mdomo wa mtu mgonjwa. Nikamwita Mama, akapangusa kwa khanga, akasema ni unyevu wa usiku. Kesho yake yakarudi. Pini za Baba zilizokaa mle kisahanini zikashika kutu katika muda wa wiki moja. Karatasi aliyoisahau chini ya kikaushio ikageuka rangi ya chai, na nilipoishika ikavunjika kama jani kavu. Vimistari vidogo kama nyufa za matope vilianza kuonekana kwenye kifuniko cha kidau.

"Anahangaika," Bibi alisema nilipomweleza. Hakusema nani. Aliweka mkono juu ya kisahani, akafumba macho. "Kuna jambo linakuja katika nyumba hii."

Kuanzia siku hiyo sikupita sebuleni peke yangu.

Yule mtu alikuja Jumamosi moja kabla jua halijawa kali. Alikuja na baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma. Habari zake zilikuwa zimemtangulia kutoka Bugene: kwamba anazunguka akinunua vitu vibovu, saa zisizotembea, pasi za zamani, santuri zilizopasuka, kalamu za wino zisizoandika. Watoto walimwita Bwana Vikorokoro. Watu wazima walikuwa na maneno mengine. Walisema hakuna mtu mwenye akili anayenunua kitu kilichokufa, kwamba vitu ni kisingizio tu cha kuingia majumbani na kuhesabu watu, na kwamba ni mumiani anayetafuta damu. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikohoa kabla ya kila sentensi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Nimetoka Bukoba, mama. Natafuta vitu vya wazee. Nimeambiwa hapa kuna vitu vya mezani vya Mzungu."

Baba alitoka, wakasalimiana, akamkaribisha ndani. Nilisimama mlangoni. Yule mtu alipoiona pembe alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Hakuinyakua. Aliomba ruhusa kwanza. Kisha akakiinua kisahani kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa, akagusa tone moja la jasho kwa ncha ya kidole. Nilimwona uso ukibadilika.

"Ina muda gani ikiwa hivi?"

"Ni unyevu," alisema Baba.

"Mzee, niuzie. Hata leo. Nitaondoka nayo sasa hivi."

"Pembe ya baba yangu haiuzwi."

Yule mtu akamtazama Baba, na Baba akamtazama yeye. Wakati ule nilidhani ni hasira. Bibi alikuwa ameketi pale pale sebuleni, shingo imesimama, akitabasamu kwa majivuno.

"Basi sawa," yule mtu alisema, akakohoa. "Ukisema ni pembe, mzee, ni pembe."

Mama akanituma nimsindikize mgeni mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama ni mtu wa mashaka. Nilitembea hatua tano nyuma yake. Tulipofika penye barabara, alisimamisha baiskeli, akageuka.

"Unasoma?"

"Ndiyo. Darasa la tano."

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Kile kitu si pembe. Ni plastiki ya zamani sana. Imetengenezwa kwa pamba na dawa kali na kafuri. Ndiyo maana inanuka hivyo. Ikizeeka inaanza kutoa jasho, na ikifika hapo ni hatari. Sikuweza kusema mbele ya yule mama mzee. Lakini mwambie baba yako: asiifungie mahali, na asiiweke penye joto. Umenielewa?"

Labda aliona siamini. Akafungua sanduku lake, akatoa kipande cha kitana kilichovunjika, cha rangi ileile ya maziwa. Akakiweka juu ya jiwe. Akawasha kiberiti, akakisogeza.

Sijui niwaelezeje. Haikuwa kama kitu kinachoshika moto. Ilikuwa kama moto ulikuwa umejikunja ndani yake siku zote ukisubiri kuitwa. Kipande kile kililipuka kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa nguvu, mwali mweupe ukaruka mpaka kiunoni kwangu, na kabla sijapiga kelele kilikuwa kimekwisha. Palibaki doa jeusi juu ya jiwe na ile harufu. Harufu ya Babu.

"Umeona?" alisema. "Mwambie."

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka nikapoteza kandambili moja kwenye majani ya migomba. Na kichwani mwangu, mtoto wa miaka kumi na moja, mambo yalijipanga kwa namna yake: mtu huyu ameutoa moto mahali pasipo na moto. Ametaka pembe, amenyimwa, na sasa ameufunga moto katika maneno na kunipa mimi niupeleke nyumbani. Nikiyasema maneno yale ndani ya nyumba, moto utaingia. Nisipoyasema, utabaki nje. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mama aliponiuliza kwa nini nahema, nikasema nimefukuzwa na mbwa.

Wiki mbili hazikupita, Mama Daforoza akaja na habari. Hakuja kuandikiwa barua. Alisimama uani, jembe begani, akasema askari wa wanyamapori wameingia Bugomora, wanapekua nyumba kwa nyumba kutafuta meno ya tembo. Mzee mmoja amechukuliwa kwa sababu ya bangili tu, bangili aliyovaa mama yake. Wamemfunga mikono na kumpakia kwenye gari mbele ya wajukuu zake.

"Wataingia na huku?" Mama aliuliza.

"Wanasema wanafuata barabara."

Wote walitazama mlango wa sebuleni. Bibi akasema, "Waje. Nitawaambia ni zawadi ya serikali." Lakini sauti yake haikuwa ile ya kupiga ardhi kwa kiganja.

Baba hakula mchana ule. Alikaa mbele ya meza bila kuandika, akikipitisha kidole kwenye kisahani na kukipangusa kwenye suruali, mara kwa mara, mpaka suruali ikafanya alama. Baadaye alileta sanduku la bati la shuleni, lile lililokuwa la kaka yangu. Akafunga kila kimoja kwa gazeti, akavipanga vyote pamoja, akavisindilia kwa tambara, akafunga kifuniko na kukikaza kwa kamba. Nilimshikia kamba. Harufu ilinijaa mdomoni.

Dari yetu ilikuwa ya matete, na sehemu pekee iliyokuwa imara ilikuwa juu ya chumba cha Bibi. Baba akapanda juu ya kinu, akausukuma mzigo kati ya matete na mabati. Chini yake Bibi alikuwa na jiko lake la mkaa, kwa maana asubuhi za Karagwe zina baridi ya kuuma, na yeye alikuwa mtu wa kuota moto hata jua likiwa limeshapanda.

Nilimtazama Baba akishuka. Nililiona jiko.

"Baba," nilisema, "yule mtu wa baiskeli alisema..."

"Yule mtu usimtaje."

"Alisema ile pembe..."

"Nimesema usimtaje katika nyumba hii!" Alinipazia sauti kama hajawahi kunipazia. Kisha akatazama upande wa Bibi, akapunguza sauti. "Nenda ukageuze kahawa."

Nikaenda nikageuza kahawa. Nakumbuka jinsi punje zilivyokuwa za moto chini ya viganja vyangu, na jinsi mabati yalivyokuwa yakilia juu ya nyumba, tak, tak, kama yanavyolia yakitanuka kwa jua. Kulikuwa na faraja katika kule kukaripiwa. Nilikuwa nimejaribu. Na maneno yenyewe yalikuwa hayajatoka, kwa hiyo moto ulikuwa bado nje.

Kwa siku tisa hakuna kilichotokea. Nilizihesabu. Bibi alilalamika kwamba chumba chake kinamwasha macho. Alisema anamwota Babu kila anapopitiwa na usingizi, amesimama mlangoni na hataki kuingia.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tumerudi kutoka kanisani, tumekula ndizi na maharage, na Bibi alikuwa ameingia kujinyoosha. Mama alikuwa anaosha vyombo. Baba alikuwa kivulini, amevua viatu vya kanisani, anasoma gazeti kuukuu. Jua lilikuwa utosini. Nilisikia sauti, na niliitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu nilikuwa nimeshaisikia pale barabarani: sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa nguvu. Safari hii alikuwa mtu mkubwa kuliko nyumba.

Bati moja liliinuka na kurudi. Moshi ukatoka chini ya paa, na haukuwa moshi wa kuni tunaoujua. Ulikuwa wa manjano iliyochafuka, kama maji ya mtoni baada ya mvua, mzito, unateremka badala ya kupanda. Mama alipiga yowe. Baba alikuwa ameshaingia ndani, miguu mitupu.

Sijui alikaa humo kwa muda gani. Nilisimama katikati ya kahawa, nimeshika tundu la kuku, na sikumbuki nililichukua wapi. Mama Daforoza alikuja mbio kutoka kibanja chake, na watu wengine nyuma yake, wakaanza kukata migomba kwa mapanga na kutupa vigogo vyenye maji juu ya moto, na wengine wakamwaga udongo kwa karai. Kisha Baba akatokea mlangoni, amembeba Bibi mgongoni kama mtoto. Matete yaliyokuwa yakiwaka yalikuwa yanaanguka, na pamoja nayo kitu kingine kilichokuwa kikidondoka kama nta, kila tone na mwali wake. Tone moja kubwa lilimwangukia Baba kwenye mkono wa kulia uliokuwa umemshikilia Bibi mapajani. Hakuuachia mkono. Alitembea nao ukiwaka mpaka alipomlaza Bibi kwenye majani.

Nyumba ilipona nusu. Chumba cha Bibi na sebule vilikwisha. Bibi mwenyewe hakuwa na hata lengelenge. Alikaa chini ya mkahawa, akakohoa kidogo, akaomba maji, akanywa kikombe kizima. Kisha akacheka. Alicheka! Akasema moto wa namna hii alikuwa hajauona tangu azaliwe, na kwamba mwanawe ana nguvu za fahali. Watu wote wakacheka pamoja naye, kicheko kile cha watu waliookoka.

"Na pembe?" aliuliza. "Pembe haiungui. Itafuteni kwenye majivu."

Vijana wawili wakaenda kuchakura. Walilikuta sanduku la bati, limepasuka kwa ndani kwenda nje kama ua. Ndani hapakuwa na kitu. Hata mabaki. Walirudi wakiwa wamekunja uso, wakasema labda kuna mtu ameiiba wakati wa purukushani. Bibi akatikisa kichwa, akasikitikia ubaya wa watu. Baba alikuwa ameketi, mkono umefunikwa kwa jani la mgomba, akitazama chini.

Tulilala kwa Mama Daforoza. Asubuhi Bibi aliamka akiwa hawezi kuvuta pumzi. Alikaa kitandani amejishika kwa mikono miwili, na kila pumzi ilikuwa na sauti ya maji, kama mtu anayezama mahali pakavu. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Wanaume walifunga machela ya fito, wakaanza kukimbia naye kuelekea zahanati. Nilikimbia nyuma yao mpaka wakasimama. Waliiteremsha machela taratibu pembeni ya barabara, na mmoja wao akavua kofia. Sikuwa na haja ya kuambiwa.

Watu wakasema ni uzee na mshtuko. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba moshi wa kitu kile huingia mapafuni na kutulia, na mtu hucheka na kunywa maji, kisha kesho yake humzamisha.

Askari walipita siku ya nne ya msiba. Walikuwa wawili tu. Walivua kofia, wakatoa pole, wakanywa maji, wakaondoka. Hawakuuliza chochote.

Baba mdogo, Leonsi, alikuwa anafanya kazi Mwanza na habari zilikuwa hazijamfikia. Ilibidi aandikiwe. Mkono wa Baba ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na mganga wa zahanati alikuwa amemwambia vidole vitatu havitafunguka tena. Kwa hiyo aliniita mimi. Tulikaa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, daftari langu la shule likiwa juu ya magoti yangu. Nyumba nusu ilikuwa nyuma yetu, inanuka majivu yaliyolowa.

"Andika," alisema. "Kwa mdogo wangu mpenzi. Nakuandikia kwa huzuni kubwa."

Nikaandika.

"Mama yetu ametutoka siku ya Jumatatu asubuhi, kufuatia ajali ya moto iliyotupata siku ya Jumapili."

Nikaandika.

"Chanzo cha moto hakijulikani."

Kalamu ilisimama. Nilijaribu kuisukuma, haikwenda. Nilianza kulia kimya kimya, na machozi yakadondoka kwenye karatasi, na nikayaona yamejipanga pale kama yale matone.

"Baba, mimi ninakijua."

Nikamwambia yote. Pamba na dawa kali, kitana juu ya jiwe, mwali mpaka kiunoni. Nikamwambia kwamba yule mtu alisema isifungiwe na isiwekwe penye joto. Nikamwambia nilivyoamini kwamba nikiyasema maneno yale moto utaingia ndani. Sikumtazama usoni. Nilikuwa nasubiri kupigwa, na nilitaka kupigwa.

Baba hakunigusa. Kuku wakaja, wakadonoa miguuni petu, wakaondoka.

"Ulitaka kuniambia," alisema mwishowe. "Siku ile nikishuka kwenye kinu."

"Ndiyo."

"Nikakufukuza."

Nilifuta machozi kwa kiganja.

"Mimi nilijua si pembe," alisema. "Nilijua tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Babu yako aliniambia mwenyewe. Ni kitu cha kiwandani. Watu ndio walioanza kusema pembe, naye akaacha waseme, na Bibi yako akaamini. Ameamini miaka yote." Alimeza mate. "Wangekuja askari, wangeigonga kwa ukucha, wangejua. Wangecheka, hapa uani, mbele ya majirani. Mbele yake. Sikuificha ili nisifungwe. Niliificha ili yeye asisikie kicheko."

Nilimtazama sasa. Alikuwa analia bila kupangusa, kwa sababu mkono wa kupangusia ulikuwa ndio ule uliofungwa, na ule mwingine ulikuwa umeshika goti langu.

"Kwamba inawaka, sikujua," alisema. "Hilo sikujua."

"Mimi nilijua."

"Ndiyo. Wewe ulijua hilo, mimi nilijua lile." Akavuta pumzi. "Mama yako asije akajua hata moja. Chana hiyo, imelowa. Anza upya. Andika kama nilivyokwambia."

Nikachana. Nikaanza upya, kwa mwandiko wa kulalia upande mmoja, kama alivyonifundisha, na nilipofika pale sikusimama.

Baba mdogo alipofika mwezi uliofuata, alikuwa na ile barua mfukoni mwa shati. Ndugu wote walikuwa wamekusanyika kuanua tanga. Aliisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaiinua juu, akaizungusha ili kila mtu aione.

"Tazameni mwandiko wa huyu mtoto," alisema. "Katika msiba mzito namna hii. Hakuna hata neno moja lililofutwa."

Watu wakanipigia makofi. Mama alinishika bega kwa fahari. Baba naye alikuwa anapiga pamoja nao, kiganja kizima juu ya bandeji, na kwake hapakutoka sauti yoyote.